Charles Hilary Aliposikika Ujiji

Watu wa rika langu tuliokulia Ujiji, Gungu na Mwanga tulimjua Charles Hilary kwa masikio miaka mingi kabla ya kumwona sura. Redio ya nyumbani ilikaa juu ya kabati la vyombo, imevikwa ganda la ngozi lenye matundu na kufunikwa kitambaa cha kufuma, na betri zake za National zilipoanza kuchoka zilitolewa zikaanikwa juani mchana kutwa, mkeka mmoja na dagaa, ili jioni zipate nguvu ya kutufikisha saa mbili. Saa mbili ikifika ngoma zililia, ikatajwa Redio Tanzania Dar es Salaam, na pale barazani watu wakanyamaza bila kuambiwa. Sisi watoto tulikatazwa hata kukohoa. Leo nyumba hiyohiyo ina televisheni ya ukutani. Saa mbili usiku kila mtu ameinamia simu yake.

Asiyewahi kukaa mwisho wa reli hawezi kuujua vizuri uzito wa sauti ile. Treni ya abiria kutoka Dar es Salaam ilipita Dodoma, ikapita Tabora, ikapita Uvinza, ikaingia kwetu Kigoma imechelewa nusu siku au siku nzima, na gazeti la Uhuru lililokuwa ndani ya behewa lilitufikia na habari ambazo wenzetu wa pwani walikwisha kuzisahau. Redio peke yake ndiyo iliyotukuta siku ileile. Aliyekaa studio kule Barabara ya Pugu akasoma taarifa ya habari alikuwa akitusomea gazeti la leo ambalo hatukuwa na njia ya kulipata. Ndiyo maana majina ya watangazaji tuliyataja kama ya ndugu: Ahmed Jongo, Edda Sanga, Salim Mbonde, Julius Nyaisanga. Hilary, kijana wa Zanzibar, aliingia katika kundi hilo mwanzoni mwa miaka ya 1980, na haikuchukua muda tukaanza kuitofautisha sauti yake na za wengine.

Tuliinasa kwanza kwenye mpira. Siku ya Simba na Yanga wanaume walikaa chini ya miembe ya Ujiji, redio imetundikwa kwenye tawi ili ipate masafa, mmoja ameshika waya wa antena na kuambiwa asisogee, na Hilary alipopokea zamu ya kutangaza uliweza kuuona uwanja mzima: nani yuko pembeni, nani ameachwa nyuma, jua liko upande gani. Hakupiga kelele kabla ya wakati. Alikuwa anapandisha sauti taratibu, mpira ukikaribia goli maneno yanafupika, na lilipofungwa ulikuwa umekwisha simama bila kujijua. Nidhamu hiyohiyo aliipeleka kwenye habari. Kifo alikisoma kama kifo, bei ya mahindi kama bei ya mahindi, na jina la kijiji cha mbali alilitamka kwa heshima ileile aliyoupa mji mkuu.

Televisheni ilichelewa. Zanzibar walikuwa nayo tangu 1974, tena ya rangi, lakini Bara serikali iliiona kuwa anasa kwa nchi iliyokuwa bado inatafuta madawati na dawa, na mimi mpaka leo siilaumu. Mwaka 1994 vituo vya binafsi vikaanza Dar es Salaam, ITV ikiwa mojawapo, na Hilary akaondoka redio ya taifa kwenda Radio One ya kampuni hiyohiyo ya Reginald Mengi, ambako wapenzi wa muziki walimpachika jina la Mzee wa Macharanga. Kwetu picha zilikuja kwa madishi, yale makubwa ya wavu wa chuma yaliyosimikwa kwenye zege nje ya baa za Mwanga, na kwa vibanda vya video ambako ulilipa kiingilio, ukabanana na wenzako kwenye mabenchi ya mbao, ukatazama watu wakipita ndani ya chengachenga. Umeme wenyewe ulikuwa wa majenereta ya dizeli. Dizeli ikichelewa njiani mji ulilala gizani, na ukitazama kutoka Bangwe uliona ziwa lina mwanga kuliko nchi kavu, karabai za wavuvi zimetapakaa mpaka upeo wa macho.

Karabai zimekwisha. Siku hizi mitumbwi hubeba taa za betri na za sola, hazihitaji mafuta wala utambi, hazimlipukii mtu usoni. Wavuvi hawazililii karabai, nami siwezi kuzililia kwa niaba yao.

Kuna jambo moja la miaka ile ambalo halijawahi kunitoka. Vita vilipoanza mashariki ya Zaire mwishoni mwa 1996, boti zilishusha watu Kigoma kila siku, kutoka Uvira, kutoka Baraka, akina mama wenye masufuria kichwani, wazee waliobebwa mgongoni, na kambi ya Nyarugusu kule Kasulu ikafunguliwa kuwapokea. Tuliwaona kwa macho yetu, wengine tuliwapa vyumba. Lakini ili tujue kilichokuwa kikitokea ng'ambo ya pili ya ziwa, ng'ambo ambayo siku ya mbingu safi milima yake tunaiona, ilibidi usiku tuzungushe kitufe cha redio kutafuta masafa mafupi, tupite mluzi na mikwaruzo, mpaka tuipate idhaa ya Kiswahili ya BBC kutoka London au ya Deutsche Welle kutoka Ujerumani. Habari ya jirani yetu ilisafiri mpaka Ulaya ndipo ikaturudia. Ujiji imekuwa hivyo tangu zamani. Stanley, aliyemkuta Livingstone pale mwaka 1871, alikuwa mwandishi wa gazeti la New York Herald, na walioisoma habari hiyo wa kwanza walikuwa watu wasiojua Ujiji iko wapi.

Kwa hiyo Hilary alipoondoka nchini miaka ya 2000 kwenda Deutsche Welle na baadaye BBC, wa Dar es Salaam waliona ameenda mbali. Sisi hatukuona hivyo. Alikuwa amehamia kwenye masafa tuliyokwisha kuyazoea.

Kisha ikaja tarehe 27 Agosti 2012, Dira ya Dunia, kipindi cha habari cha televisheni cha BBC, kilipoanza kurushwa kutoka London, na Tanzania ikakipata kupitia Star TV ya Mwanza. Nakumbuka kibanda kimoja cha Mwanga, ambacho kazi yake hasa ilikuwa kuonyesha mpira wa Uingereza, mwenyewe akikata filamu katikati na kuweka habari, na wateja, badala ya kudai hela yao, wakinyamaza. Walitaka kumwona Charles Hilary. Wengine walikuwa wamemsikia zaidi ya nusu ya umri wao. Alipojitokeza, mtu mzima mwenye suti, ametulia, mzee mmoja muuza kahawa akasogea karibu na kioo akamtazama kwa muda, kisha akawageukia vijana: "Ndiye. Sauti haidanganyi." Yule mzee alikuwa amekuja kuhakikisha.

Miongoni mwa sura zilizotushika kwenye kipindi kile alikuwemo Salim Kikeke, na kwa vijana huyo ndiye aliyekuwa Dira ya Dunia. Hilary alisoma habari namna walivyofundishwa wasomaji wa zamani, mgongo umenyooka, mtu hayupo, habari ipo. Kikeke alizungumza nawe. Alitumia mikono, aliuliza swali, alicheka panapochekeka, na watoto wa shule za sekondari hapa mjini walianza kumwigiza mbele ya darasa kwa kipande cha mhindi kama kipaza sauti. Mwaka 2014 Zuhura Yunus akawa mwanamke wa kwanza kukiongoza kipindi hicho kwenye televisheni, na hilo nililiona nyumbani kwangu lilivyofanya kazi: wasichana waliokuwa wakiondoka sebuleni habari zinapoanza waliacha kuondoka. Miaka yote ile ya betri juani nilidhani mtangazaji bora ni yule anayejificha nyuma ya habari. Kikeke na Zuhura walinionyesha kwamba hata anayeonekana anaweza kuibeba. Bado moyo wangu uko kwa Hilary. Lakini siwezi kusema waliomfuata walishusha kazi.

Mei 2015 ndipo niliposhuhudia kioo kile kikituhusu sisi wenyewe. Burundi ilichafuka, jaribio la mapinduzi likafanyika na kushindwa Rais Nkurunziza akiwa Dar es Salaam mkutanoni, na maelfu kwa maelfu ya Warundi wakakimbilia Kagunga, kijiji chetu cha mpakani kilichobanwa kati ya mlima na maji, wakati ule hakikuwa na barabara ya gari. Kipindupindu kikaingia. Meli ya Liemba, ile iliyoundwa na Wajerumani mwaka 1913, ikaanza kwenda na kurudi. Haikuweza kufunga gati Kagunga, kwa hiyo watu waliletwa kwa mitumbwi na kupandishwa melini katikati ya maji, na waliofika mjini walipelekwa kwanza Uwanja wa Lake Tanganyika. Usiku Dira ya Dunia ikaonyesha. Mama mmoja jirani yangu, ambaye binti yake ameolewa Kagunga na simu yake haikupatikana kwa siku kadhaa, alikuja kutazama kwangu akiwa na kanga yake ya kulalia.

"Mwanangu, hebu mwambie aonyeshe upande wa sokoni," akaniambia. "Nyumba yao iko pale nyuma ya soko."

"Mama, yuko London huyo. Hanisikii."

"Sasa kama hanisikii, Kagunga kaijuaje?"

Sikuwa na jibu. Picha ilidumu sekunde chache, ufuo uliojaa watu, mabegi, maturubai, kisha mtangazaji akaenda kwenye habari za nchi nyingine. Yule mama akabaki ameegemea mlango. Binti yake alipatikana salama wiki iliyofuata, na habari hiyo aliileta mvuvi wa Kibirizi, kwa mdomo.

Mwaka huohuo Hilary akarudi nyumbani, akaingia Azam Media, na madishi ya Azam yalikuwa yameanza kuchipuka juu ya mabati ya Mwandiga na Buzebazeba, vidishi vidogo ambavyo fundi mmoja anavifunga kwa asubuhi moja. Miaka ishirini nyuma dishi lilihitaji zege na mwenye baa. Sasa mwalimu wa shule ya msingi alikuwa nalo. Tulimwona Hilary akisoma habari za Tanzania akiwa Tanzania, nywele zimepungua, sauti bado imeshika, na kwa mimi hicho ndicho kipindi kizuri kuliko vyote: mtu aliyekwenda kujifunza kwa watu akarudi kuwasomea wa kwake.

Halafu akaenda Ikulu. Mwaka 2021 Rais Hussein Mwinyi wa Zanzibar alimfanya mkurugenzi wa mawasiliano, baadaye akawa msemaji mkuu wa Serikali ya Mapinduzi. Februari 2022 Zuhura Yunus naye akateuliwa na Rais Samia Suluhu Hassan kuongoza mawasiliano ya Ikulu. Najua wengi walipongeza, na mtu akishasoma habari miaka thelathini ana haki ya kupumzishwa kwa cheo. Serikali nayo ilipata watu wanaojua kulitamka jambo likaeleweka, na tumewahi kuwa na wasemaji ambao hata tangazo la chanjo lilikuwa fumbo. Lakini nilihuzunika. Tulikuwa tumewaamini kwa sababu walisimama kati yetu na wenye nguvu, hawana upande, na siku walipovuka kwenda upande mmoja, hata kama walisema kweli tupu, masikio yetu yalilazimika kuanza kuwapima upya. Nadhani wao wenyewe walilijua hilo kuliko mimi.

Oktoba mwaka huohuo wa 2022 Rais Samia alikuja mkoani kwetu, yakazimwa majenereta, umeme wa gridi ya Taifa ukaanza kufika. Asiyekulia Kigoma hawezi kuelewa furaha ile. Mashine za kusaga hazisubiri tena dizeli. Samaki hugandishwa. Hospitali haina hofu ya usiku. Na simu, ambazo zamani tulizipeleka kuchajiwa kwa mwenye duka kwa malipo, sasa hazizimiki kamwe. Tangu hapo saa mbili usiku imekuwa saa kama nyingine. Mwanangu wa kwanza hutazama Ayo TV mtandaoni saa yoyote bando likiwepo, wa pili hutazama vipande vya sekunde chache vilivyokatwa na mtu asiyejulikana, mke wangu hupata habari kwenye makundi ya WhatsApp ya wanafunzi aliosoma nao, na mimi nabaki na rimoti mkononi sebuleni peke yangu. Wote tunajua mengi kuliko baba zetu. Hatujui yaleyale. Zamani asubuhi sokoni ungeweza kuanza mazungumzo katikati, "sasa yule waziri atafanyaje?", na muuza mawese akakujibu, kwa kuwa jana yake mlimsikiliza mtu mmoja. Leo lazima kwanza uulize kama mwenzako amesikia, kisha uulize amesikia kwa nani.

Ndivyo nilivyopata habari ya kifo cha Hilary. Jumapili tarehe 11 Mei 2025, asubuhi, simu ikaanza kuita kwa ujumbe: picha ya Charles Hilary, maneno ya rambirambi, mishumaa. Sikuamini, kwa sababu kwa njia hiyohiyo nimewahi kuletewa vifo vya watu walio hai. Nikafungua televisheni nikasubiri. Kituo cha kwanza kilikuwa na mahubiri, cha pili muziki. Katika kusubiri huko ndipo nilipoona kwamba nilichokuwa nataka ni mtu mwenye sauti iliyotulia aniambie, na kwamba mtu wa kwanza aliyenijia akilini kuifanya kazi hiyo alikuwa yeye mwenyewe. Baadaye ilisomwa. Ilisomwa vizuri, na kijana ambaye nadhani hakuzaliwa bado siku Hilary alipokuwa akitangaza mpira Redio Tanzania, na aliposhusha sauti kwenye jina nilitambua amefunzwa wapi.

Kikeke naye alikwisha kuondoka BBC, mwaka 2023, baada ya miaka ishirini, na mwaka uliofuata akajiunga na Crown Media ya mwanamuziki Ali Kiba. Habari hiyo Ujiji ilipokewa kwa vifijo ambavyo wageni hawakuvielewa. Ali Kiba asili yake ni hapa. Mwanamuziki mwenzake Diamond Platnumz, mwenye kituo cha Wasafi, naye ana damu ya Kigoma. Mwaka 2012, mwaka uleule wa Dira ya Dunia, wasanii wenye asili ya mkoa huu walikusanyika wakarekodi Leka Dutigite, na nchi nzima ikacheza kwa maneno ya Kiha. Nilikuwa mtu mzima tayari na niliona fahari kama mtoto. Kwamba mtangazaji mashuhuri kuliko wote wa Kiswahili aliajiriwa na kijana wa huku mwisho wa reli, jambo hilo baba yangu, aliyeanika betri, asingelisadiki. Vituo vyenyewe viko Dar es Salaam, ni kweli, na ajenda yake zaidi ni muziki na mpira kuliko bei ya dagaa. Hata hivyo nalihesabu kuwa faida.

Faida kubwa zaidi, kwangu, iko karibu. Redio za hapahapa mjini zimekomaa. Mwaka 2024 serikali ilipofunga uvuvi Ziwa Tanganyika kwa miezi mitatu, kuanzia katikati ya Mei mpaka katikati ya Agosti, ili samaki wapate kuzaliana, Dar es Salaam walisoma habari hiyo kwa dakika moja. Hapa ilikuwa habari ya kila siku: nani anaruhusiwa nini, nyavu ziwekwe wapi, mama wa Katonga aliyezoea kuanika dagaa atakula nini, Kongo na Burundi nao wamefunga au wanatuvulia. Binti mmoja wa redio ya hapa ndiye aliyekuwa akiisoma jioni, sauti bado nyembamba, mara nyingine anakimbia kuliko maneno yake, na Hilary angemwambia apunguze mwendo. Lakini majina ya vijiji vyetu kama Zashe na Kalya anayatamka kama mwenyeji, na alipokosea tarehe ya kufungua, asubuhi yake wenye mitumbwi walimfuata Kibirizi alikokwenda kununua mboga, wakamzunguka na kumhoji. Akawasikiliza mpaka mwisho, akatoa daftari, akapiga simu kwa ofisa uvuvi mbele yao, na jioni akaanza taarifa ya habari kwa kusahihisha tarehe ile.